Mwanahisa kuomba kitabu cha kampuni sio kuleta fujo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Barua ni ndefu kidogo ila naomba usiikate katikati maana hapo ndo penye kitu ambacho wengi huku kwetu hatukijui. Mimi ni mkulima na mnunuzi wa mpunga hapa Igurusi, wilaya ya Mbarali, na ni mwanahisa kwenye kampuni ndogo ya mashine ya kukoboa. Jina la kampuni naliacha kwa makusudi, kuna mambo bado yanaendelea na sitaki mtu aseme nimekuja gazetini kuchafua watu. Ninachotaka kusema ni kwamba mwanahisa akiomba kuona rejista ya wanahisa (daftari la majina ya wenye hisa na idadi ya hisa zao) na mihtasari ya mikutano haombi fadhila ya mwenyekiti, anadai kitu ambacho amepewa na Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, na hicho kitu kina kazi zaidi pale ugomvi ukishaanza, maana wakati wa amani nani anafunga kabati?

Tulianza watu 22. Wengi tulijuana kwenye mizani, yaani wote tulikuwa tunapeleka mpunga kwenye mashine za watu, unapanga foleni mpaka saa nne usiku, unalipia kukoboa, pumba zinabaki kwa mwenye mashine, chenga nazo mpaka mzozane, tukasema sasa kwa nini tusiwe na ya kwetu. Kuna mwezeshaji alikuja akatushauri tusiishie kwenye kikundi na tusifungue AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, tusajili kampuni kabisa, kwamba benki itatuamini haraka. Tukasajili. Hisa moja ilikuwa shilingi 10,000, zikatoka hisa 3,200, yaani milioni 32 za kuanzia na nyingine tukakopa. Mimi nilichukua hisa 320. Hiyo ni milioni tatu na laki mbili, niliuza mpunga wote wa msimu ule na maksai wawili niliokuwa nalimia, kwaiyo mtu akiniambia ni hela ndogo huwa namwelewa ila mimi najua ilitoka wapi.

Miaka miwili ya mwanzo tulipata gawio, yaani sehemu ya faida kwa kila hisa, halikuwa kubwa ila lilikuja. Baada ya hapo kimya. Ukiuliza unaambiwa umeme umepanda, mara vipuri, mara roli za mpira zimeisha, mara msimu mbaya. Mimi nikawa naangalia nyuma ya mashine. Pale kuna mlima wa pumba, na kila wiki wachoma matofali wanakuja na trekta kuzoa, wanakula upande wa barabarani na kesho yake ukipita unakuta upande wa ndani umejaa upya, zile pumba mpya zinajulikana, zina rangi ya dhahabu na bado za moto moto ukiingiza mkono, za zamani zimeshapigwa na mvua zimekuwa nyeusi. Mashine isiyokoboa haitoi pumba. Nikakaa wiki mbili kwenye banda la mama ntilie ng'ambo ya barabara na kaunta buku yangu nahesabu gunia zinazoingia, siku ya juma tano nilihesabu gunia 143 kabla hata ya saa nane mchana.

Nikamfuata mwenyekiti. Tunaheshimiana, ni mkubwa kwangu, alikuja mpaka kwenye harusi ya mwanangu akatoa mchango mzuri tu. Nikamwambia kaka, naomba kuona hesabu. Akanyamaza kidogo afu akaniuliza, "Yaani wewe mdogo wangu huniamini?"

Mhariri, hilo swali ndilo limefunga makabati mengi sana hapa nchini. Ukijibu ndiyo umevunja undugu, ukijibu hapana basi unatakiwa uende nyumbani. Mimi nilienda nyumbani. Nilikaa karibia mwaka mzima naona aibu kuuliza tena, na kwenye huo mwaka mmoja ndo mambo yalifanyika, nitaeleza.

Aliyenifumbua macho ni binti wa dada yangu, anasoma sheria chuo kikuu huko Iringa, alikuja likizo. Akaniuliza mjomba, hiyo rejista ya wanahisa umeshawahi kuiona? Sikuwa najua hata kama kuna kitu kinaitwa hivyo. Tukaingia kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wanaosajili makampuni, onlaini kuomba taarifa za kampuni yetu, wanakupa kontrol namba unalipia kwa simu, hakuna anayekuuliza unataka za nini. Taarifa zikarudi. Jina langu lipo, hisa zangu 320 zipo, sikuibiwa hata moja. Ila jumla ya hisa za kampuni haikuwa 3,200 tena, ilikuwa 9,600.

Naomba nikae hapa kidogo maana mwenyewe ilinichukua usiku mzima kuelewa. Hisa zangu hazikuguswa, lakini zilikuwa 320 kwenye 3,200 ambayo ni asilimia 10, sasa ni 320 kwenye 9,600 ambayo ni asilimia tatu na kidogo. Hisa 6,400 zilikuwa zimetolewa kwa watu wawili, mmoja simjui kabisa. Na zile asilimia 10 zilikuwa na maana kubwa kuliko gawio, kwa sababu sheria inasema wanahisa wenye angalau moja ya kumi ya mtaji uliolipiwa wenye haki ya kura wanaweza kuwalazimisha wakurugenzi waitishe mkutano mkuu maalumu. Kabla ya hapo ningeweza kuitisha mkutano peke yangu. Nilikuwa na huo uwezo miaka yote bila kujua, nimekuja kujua umeshachukuliwa.

Basi swali likabadilika. Halikuwa tena swali la gawio, likawa nani aliamua hizo hisa zitolewe, kwenye kikao gani, na hela yake milioni 64 imeingia wapi. Hayo majibu yapo kwenye vitabu vya kampuni, hayapo kwa BRELA.

Tulienda ofisini siku ya alhamisi mimi na wenzangu wawili. Kwanza tuliandika barua na karani akatugongea muhuri wa kupokea kwenye nakala yetu, hili nasisitiza, usiende kwa mdomo, maana maneno ya mdomo kesho hayapo. Tukaambiwa vitabu vipo kwa wakili Dar. Binti alishatuambia tutajibiwa hivyo, kwaiyo tukasema kwa upole tu kwamba rejista ya wanahisa inatakiwa iwe kwenye ofisi iliyosajiliwa ya kampuni, na kama inatunzwa sehemu nyingine lazima Msajili wa Makampuni kule BRELA awe ameambiwa, je ameambiwa? Karani akaenda nje kupiga simu. Akarudi, akafungua droo ya chini, akaitoa.

Ni daftari gumu jekundu kama la mahudhurio ya shule. Kurasa za mwanzo zimeandikwa na mwandiko wa marehemu katibu wetu wa kwanza, mwandiko mzuri wa kulala, majina 22 kwa mstari. Ukurasa wa tano mwandiko mwingine, kalamu nyingine, majina mawili mapya na tarehe. Tulikatazwa kupiga picha, sikubishana, nikanakili kwa mkono kila kitu mpaka tarehe. Kisha tukaomba faili la mihtasari ya mikutano mikuu. Hapo ndo nilipoishiwa nguvu. Kuna muhtasari wa mkutano mkuu ulioidhinisha hizo hisa mpya, na kwenye waliohudhuria namba 9 ni mimi. Tarehe ile sikuwa Igurusi, nilikuwa Kyela kumzika shemeji yangu, tulilala kule siku nne, na mchango wa msiba umeandikwa kwenye daftari la kule na jina langu. Wenzangu nao wakajikuta wamo, namba 4 na namba 15, na hawajawahi kukaa kikao hicho. Yule wa namba 15 alikuwa anasoma kwa kidole, alipofika kwenye jina lake kidole kikasimama pale pale, hakusema kitu mpaka tunatoka.

Sasa niseme sheria ilivyo kwa jinsi nilivyoelezwa na kusomewa, maana watu wanachanganya na mimi nilichanganya. Vitabu vya kampuni havipo kwenye kapu moja. Rejista ya wanahisa iko wazi kwa mwanahisa yeyote bila malipo saa za kazi, hata mtu wa nje anaweza kuiona kwa ada kidogo. Mihtasari ya mikutano mikuu nayo iko wazi kwa wanahisa bure, na unaweza kuomba nakala ukalipia gharama ya kunakili. Kampuni ikikataa ni kosa, na mahakama inaweza kuamuru ufunguliwe uone. Hesabu za mwaka zilizokaguliwa lazima ziletwe mbele ya wanahisa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, ambao unatakiwa ufanyike kila mwaka na isipite miezi 15 kati ya mmoja na mwingine. Na mkaguzi wa hesabu ni wanahisa ndo wanamteua kwenye huo mkutano, kwaiyo na yeye ni mtu wetu sote sio mtu wa mwenyekiti.

Lakini leja, vocha, risiti, stetimenti za benki, hapo ni tofauti. Hizo sheria imewapa wakurugenzi kuziona muda wowote, mwanahisa wa kawaida hana haki ya moja kwa moja. Nilivyosikia hivyo nilikasirika sana. Ila kuna milango miwili. Mmoja ni katiba ya kampuni, mkiandika humo kwamba mwanahisa anaweza kukagua leja na stetimenti kila baada ya miezi fulani basi ni haki kamili. Sisi hatukuandika, tulipewa katiba ya kunakili tukasaini kwenye boneti ya gari tukiwa na haraka ya kuwahi benki, na humo mna kipengele cha kawaida kilichopo kwenye katiba nyingi kwamba mwanahisa ambaye sio mkurugenzi haruhusiwi kukagua vitabu vya hesabu isipokuwa sheria inamruhusu au wakurugenzi wameruhusu au mkutano mkuu umeruhusu. Watu wakisoma hapo wanaona "haruhusiwi" wanafunga. Mlango wa pili upo mwisho wa sentensi ile ile, mkutano mkuu ukiamua vitabu vifunguliwe vinafunguliwa.

Binti alituambia Marekani kwenye jimbo la Delaware ambako kampuni nyingi kubwa zimesajiliwa wana kifungu chao namba 220, mwanahisa anaandika barua yenye kiapo anaeleza sababu yake ya msingi, kwa mfano anahisi ubadhirifu au anataka kujua hisa zake zina thamani gani, na kampuni ina siku 5 za kazi kujibu, ikigoma anaenda mahakamani. Mwaka 2025 wameibana wakaorodhesha ni nyaraka zipi, lakini mihtasari ya mikutano na hesabu za mwaka zimebaki humo. Siku tano! Sisi barua yetu ya kuomba stetimenti ina miezi mitatu saivi. Sisemi tuige kila kitu cha kwao, ila ile ya kuweka siku za kujibu ningependa wabunge wetu waifikirie, kwa sababu mtu anayeficha kitu anahitaji muda tu, na sisi tunampa.

Kuna kingine kinachotuponza watu wa Nyanda za Juu Kusini na naomba wawezeshaji wanisikilize. Sisi tumelelewa kwenye ushirika. Ukiwa AMCOS una afisa ushirika wa wilaya, una COASCO, shirika la kukagua vyama vya ushirika, wanakuja kukagua, una Mrajis wa vyama hivyo, na kila mwanachama ana kura moja awe na eka moja awe na eka hamsini. Ukihamia kwenye kampuni hao wote hawapo. Kura zikipigwa kwa hisa mwenye hisa nyingi ndo anayeamua, na hakuna afisa atakayekuja kuuliza vitabu vyenu vikoje, BRELA wanapokea taarifa mnazowapelekea. Mlinzi wa mwanahisa ni mwanahisa mwenyewe, na silaha yake ya kwanza ni kuangalia vitabu. Sasa nasikia wakulima wa parachichi Rungwe na Njombe nao wanashauriwa waunde kampuni za kuhifadhi na kufungasha, ni jambo zuri sitawakatisha tamaa, ila jamani mwezeshaji akija na katiba ya kunakili mwambieni asubiri, kaeni chini msome, andikeni humo nani anaona leja na lini, na andikeni kwamba hisa mpya zikitolewa wenye hisa za mwanzo wapewe nafasi kwanza. Karatasi mbili tu za ziada, haziwezi kuwachelewesha mkopo.

Na viongozi wa kampuni nao niseme nao bila ugomvi. Najua kuna wanahisa wasumbufu, wengine wanataka vitabu wapeleke siri kwa mshindani, bei mnayonunulia mpunga ikijulikana kwa jirani mtaumia. Hiyo hofu naielewa. Lakini rejista haina bei ya mpunga, muhtasari wa kuidhinisha hisa hauna siri ya biashara. Ukificha hivyo viwili tutaamini kuna jambo, hata kama halipo. Mwenyekiti wetu angetuonyesha mwaka ule nilipomuomba pengine hizo hisa zisingeandikwa, au zingeandikwa kwa utaratibu na mimi ningekubali, mtaji ulikuwa unahitajika kweli, mashine ya kupanga madaraja tulikuwa hatuna na mchele wetu ulikuwa unashushwa bei sokoni Mwanjelwa, Mbeya mjini, kwa sababu ya chenga.

Tulipofikia ni hivi. Kwa kuwa mimi peke yangu sifiki tena moja ya kumi, nilizunguka nyumba kwa nyumba. Zinatakiwa hisa 960. Wengine waligoma, mmoja aliniambia anadaiwa na mwenyekiti hawezi, nilimwelewa sikumlazimisha. Mama mmoja mjane mwenye hisa 60 alisaini wa kwanza kabla hata sijamaliza kueleza, akasema marehemu mume wake alikufa akiulizia hili hili. Tumefika saba, jumla hisa 985. Tumepeleka maombi kwa maandishi kwenye ofisi ya kampuni, tumesaini wote, tumeandika agenda tatu: mkutano uamue leja na stetimenti za benki za miaka mitatu zifunguliwe kwa wanahisa, wakurugenzi waonyeshe malipo ya hisa 6,400, na mkaguzi wa hesabu aje mwenyewe aulizwe. Wakurugenzi wana siku 21 za kuchukua hatua ya kuitisha, wasipoitisha sheria inaturuhusu tuitishe wenyewe na gharama za msingi tuzidai kwa kampuni. Leo ni siku ya 13.

Najua mtasema watu wawili wenye hisa 6,400 watatushinda kwa kura. Inawezekana. Lakini watatakiwa wapige kura mbele ya watu, kwamba hawataki wanahisa waone stetimenti, na hilo litaandikwa kwenye muhtasari, na huo muhtasari nao tuna haki ya kuuona. Ikishindikana hapo kuna kifungu cha 233, mwanahisa anapeleka maombi Mahakama Kuu kwamba kampuni inaendeshwa kwa namna inayomuumiza isivyo haki, na Mahakama Kuu ipo hapo Mbeya mjini, nauli ya kosta tu, ingawa wakili sio nauli ya kosta. Nakala ya rejista kwa mkono, tarehe ya muhtasari, barua yenye muhuri, taarifa za BRELA, vyote nimeviweka kwenye mfuko wa nailoni ndani ya debe la mbegu, panya hawafiki.

Ombi langu kwa wasomaji wenye hisa kwenye kampuni yoyote ndogo, iwe ya mashine, mabasi, shule au mbao kule Mufindi: wiki hii nenda ofisini ukiwa huna ugomvi na mtu, salimia vizuri, omba kuona rejista na muhtasari wa mkutano mkuu wa mwisho. Tafuta jina lako. Angalia idadi ya hisa zako na jumla ya zote, gawanya. Angalia kama uliandikwa umehudhuria kikao siku ulipokuwa msibani.

Nikiwa tayari kufunga barua hii karani kanipigia simu, anasema mwenyekiti anauliza kama jumatatu nina nafasi tukae wawili tu tuongee kiundugu. Nimemjibu nina nafasi, na nitakuja na wenzangu sita.

Ahsante kwa nafasi.

Mkulima na mwanahisa,
Igurusi, Mbarali, Mbeya